Maswali ya Wasomaji: Mhubiri Aje Baada ya Matanga

Maswali ya mwezi huu yote yanahusu hadithi za kutisha za mwisho wa dunia, zile ambazo mtu aliyefiwa anajikuta mikononi mwa kikundi cha dini kilichopitiliza. Yametoka Moshi na Arusha. Waliotuma sura za miswada tumezisoma zote, na majibu yetu yanafuata yaliyomo humo.

Shikamooni. Ninaandika juu ya mama wa Uru aliyefiwa na mwanawe wa pekee, Lucas, kwa ajali ya bodaboda. Anajiunga na kikundi kinachoamini wafu watafufuka kabla ya masika na dunia kuisha. Kila anayenisomea anasema mama huyu ni mjinga. Sitaki awe mjinga. Nirekebishe wapi?
*Mwalimu wa shule ya msingi, Rau, Moshi*

Marahaba, Mwalimu. Mama yako hana tatizo, tatizo liko kwenye kalenda. Umemleta mhubiri siku ya mazishi. Siku hiyo mtu wa Uru hana hata dakika tano za upweke: turubai limefungwa uani, jumuiya inasali rozari, kina mama wako jikoni na masufuria ya ndizi, ndugu waliosafiri kutoka Dar es Salaam wanashuka na mabegi, kamati inapokea rambirambi na kuziandika kwenye daftari. Mhubiri mgeni akitokea katikati ya watu wote hao na mama akamfuata, msomaji ana haki ya kumshangaa. Amewaacha watu mia na hamsini wanaomjua, akamfuata mmoja asiyemjua.

Mcheleweshe mhubiri wiki tatu. Kwanza andika siku ambayo uwanja unabaki mtupu, na uiandike kwa vitu, bila neno "huzuni" hata mara moja. Tunamaanisha kitu kama hiki:

"Vijana wa turubai walikuja saa moja asubuhi. Walihesabu viti wakapata mia na arobaini na tisa. 'Mama, kimoja hakipo.' Alikikuta nyuma ya zizi, kimepinduka, mguu mmoja umezama kwenye tope la mgombani. Akakifuta kwa kanga yake, mguu baada ya mguu, polepole, na kijana mmoja akatazama saa."

Baada ya hapo simu zinapungua. Ndugu wamerudi kazini. Walio jirani wanamkwepa kidogo, maana hawajui waseme nini, na wakimtaja mtoto wanasema "marehemu". Sasa ndipo aingie mtu wa kikundi, na asiwe mhubiri mwenyewe. Awe mwanamke wa rika la mama, aliyeleta mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aukate, aulishe, anawe mikono, aondoke. Neno la dini lisisikike siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu aulize, "Lucas anapenda chai yenye tangawizi au bila?" Anapenda, kwa wakati uliopo. Tangu azikwe, hakuna aliyemtaja mtoto hivyo. Mama hajadanganywa bado. Amepewa kitu ambacho kijiji kizima kimemnyima, na msomaji akishakiona kitu hicho atatembea naye mbali sana.

Kisha panda ngazi, moja moja, na kila ngazi iwe na bei. Ndugu wamepanga kugawa nguo za Lucas. Kikundi kinamshauri asigawe, atazihitaji akirudi. Hilo ni dogo, halimuumizi mtu, anakubali. Baadaye anaombwa amwekee sahani mezani. Baadaye asiende kwenye misa ya kumwombea, kwa kuwa kumwombea ni kukiri amekufa. Hapo anagombana na dada yake, na kwa mara ya kwanza amepoteza mtu. Baadaye anatia dole gumba kwenye karatasi ya kukitoa kihamba, shamba la ukoo. Angalia kinachotokea: kufikia hapo, kurudi nyuma kunamlazimu akubali kwamba nguo, misa, dada na ardhi vyote vimekwenda bure, na zaidi ya yote kwamba Lucas hayupo. Kila alichokitoa kinakuwa uthibitisho kwamba mtoto atarudi. Miswada mingi tunayopokea huruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya kihamba ndani ya sura moja, na hapo ndipo wasomaji wanaposema "mjinga".

Mpe pia mpinzani wa kweli. Padri wa parokia au kaka yake amsomee 2 Samweli 12, pale Daudi alipofunga na kulala chini wakati mtoto anaumwa, na mtoto alipokufa akaoga, akala, akasema yeye ndiye atakayekwenda kwa mtoto, mtoto hatamrudia. Ni andiko zito kuliko yote kwa hadithi hii, na usimwache mama bila jibu. Anaweza kusema, "Daudi alikuwa na watoto wengine." Padri akikosa la kusema, umefaulu.

Riwaya yangu ina siku moja ya mwisho wa dunia, Jumapili ya Pasaka. Nimefika hapo nimekwama. Ikiisha kweli, ina maana mhubiri alikuwa sahihi. Isipoisha, hadithi inapoa.
*F., Sakina, Arusha*

Isiishe, na uweke tarehe mbili. Historia ya vikundi hivi inaonyesha kwamba hatari kubwa huja baada ya siku iliyotabiriwa kupita.

Chukua Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Kikundi cha Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde kilitangaza dunia itaisha 31 Desemba 1999. Waumini walikuwa wameuza mali zao. Mwaka 2000 ukaingia kama kawaida, na baadhi wakaanza kuulizia walichotoa. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketea, madirisha na milango ikiwa imepigiliwa misumari, na mamia ya watu ndani. Baadaye mamia ya miili mingine ikafukuliwa kwenye nyumba zilizohusiana na viongozi. Kati ya tarehe ya kwanza na moto ni wiki kumi na moja. Riwaya yako iko ndani ya wiki hizo.

Au nenda nyuma zaidi, kwa Waxhosa wa Afrika Kusini. Mwaka 1856 msichana aitwaye Nongqawuse alisema mababu watafufuka na ng'ombe wapya watatoka ardhini, ilimradi watu wachinje ng'ombe walio nao, wateketeze nafaka na wasilime. Kabla ya hapo ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe ulikuwa umeingia nchini na kuua mifugo kwa wingi, na vita na walowezi vilikuwa vimewanyang'anya ardhi. Msiba ulitangulia, unabii ukafuata. Jua lilitarajiwa kuchomoza jekundu 18 Februari 1857. Lilichomoza lilivyozoea. Walioamini hawakusema unabii ulikuwa wa uongo. Waliwalaumu waliokataa kuchinja. Ng'ombe wapatao 400,000 walichinjwa, na watu wanaokadiriwa 40,000 wakafa njaa.

Kwa hiyo, ikiwa riwaya yako ina kurasa 200, tarehe ya kwanza ipite kati ya ukurasa wa 90 na wa 110. Tarehe hiyo itangazwe hadharani, kila mtu aijue. Ya pili iwe ya siri, ijulikane na wachache, na iwe karibu. Katikati mhubiri anahitaji mkosaji, na mkosaji awe mtu ambaye msomaji amempenda: aliyeficha debe moja la mahindi, au aliyempigia simu binti yake wa Njiro kumuaga.

Sura muhimu kuliko zote ni asubuhi ya Jumatatu. Waandishi wengi huirukia juu juu, na ni makosa. Watu sitini wameamka kwenye uwanja mmoja, wamekesha, mbuzi wameuzwa, mahindi yameisha kwa kuwa hakuna aliyepanga kula Jumatatu. Watoto wanataka uji. Nani ana chumvi? Nani atakuwa wa kwanza kusema neno "kazini"? Mpe mhubiri muda wa kukaa kimya hadi saa nne, na wafuasi wenyewe waanze kumtafutia sababu. Wakishamtafutia wao, hatahitaji kuwalazimisha tena.

Ukitaka kweli kitu cha ajabu kitokee, kitokee mwishoni kabisa na kisifanane na alichotabiri yeye.

Nataka mwisho wa dunia uanze kwa Mlima Meru kulipuka, lava nyekundu iteremke hadi Mnara wa Saa. Je, inawezekana?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tengeru*

Meru ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, kidogo tu, na katika hadithi unaweza kuuamsha. Lakini una mlima bora zaidi upande wa kaskazini. Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, ndio volkano pekee duniani inayotoa lava ya natrokabonatiti, yaani lava ya magadi, wakati huu. Lava hiyo ina joto la nyuzi kati ya 500 na 600 hivi, karibu nusu ya lava za kawaida. Mchana haionekani nyekundu. Ni nyeusi au ya kahawia, nyepesi, inatiririka kama mafuta machafu ya injini, na ikishapoa unyevu wa hewa unaigeuza nyeupe ndani ya muda mfupi. Mlima mweusi unaogeuka mweupe kama sanda unatisha kuliko mto mwekundu ambao kila mtu ameuona kwenye filamu, na mhubiri wako ana andiko tayari.

Fuata mpangilio wa mwaka 2007, maana ulijipanga kama sura za kitabu. Katikati ya Julai ardhi ilianza kutikisika. Tetemeko la tarehe 17 lilifikia kipimo cha 5.9 na likasikika mbali sana. Septemba mlima ukabadilisha tabia, ukaanza kurusha majivu, ukaendelea hadi 2008. Wiki hizo za kutikisika bila kuona chochote ndizo za kumpa mhubiri. Watu wanalala nje, anapita na chai.

Kuhusu majivu yenyewe, acha maneno kama "mvua ya moto" na uhesabu uzito. Majivu yaliyoloa hufikia tani moja hadi mbili kwa kila meta ya ujazo. Sentimeta 10 juu ya paa la bati la meta 10 kwa 6 ni tani 6 hadi 12. Mbao za paa la kawaida hazikukusudiwa hilo. Kwa hiyo majivu makavu yakianguka Jumamosi na mvua ikanyesha Jumapili, kanisa lililojaa watu linaanguka Jumapili, na hakuna aliyefanya lolote. Mhusika mmoja aliyepanda na koleo Jumamosi jioni kuyakwangua, akashushwa kwa kukosa imani, ndiye anayebeba sura nzima.

Tengeru yenyewe imekupa jambo jingine. Chemchemi nyingi za miteremko ya Meru zina madini ya floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayeyanywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaundwa, yaani hadi miaka minane hivi, hutoka na meno ya kahawia. Aliyehamia akiwa mkubwa, meno yake hayabadiliki. Fikiria mhubiri anayewaambia wenye meno ya kahawia kwamba wametiwa alama. Alama ya laana, au alama ya wateule? Chagua moja, kisha katikati ya kitabu abadilishe. Kijiji kitagawanyika kati ya wazawa na wahamiaji, mume na mke, na alama haifichiki mtu akicheka.

Habari zenu wakubwa. Mhusika wangu anafunga siku 40 bila chakula wala maji, kisha anaokolewa, anakula, anapona. Rafiki yangu anayesomea uuguzi ananicheka. Nisahihisheni.
*Kijana, Ngarenaro, Arusha*

Rafiki yako ana haki, na akikusaidia utapata sura kali kuliko uliyonayo. Bila maji kabisa mtu hufika siku chache, kwa kawaida hazizidi wiki, na kwenye joto ni pungufu. Ukitaka siku 40, mruhusu maji. Mwaka 1981 wafungwa kumi waliogoma kula huko Ireland ya Kaskazini, huku wakinywa maji, walikufa kati ya siku ya 46 na ya 73, na hao walikuwa wanaume vijana. Mtoto hafiki huko. Kwenye makaburi ya msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako waumini wanadaiwa kuambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, yaliyoanza kufukuliwa Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ilipatikana, na watoto walikuwa wengi. Ukiandika mfungo wa namna hiyo, usiwafiche watoto nyuma ya watu wazima kwa sababu inauma kuandika.

Mwili hupita hatua. Siku moja au mbili za mwanzo hutumia sukari iliyohifadhiwa kwenye ini. Kisha mafuta, na pumzi hutoa harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Baada ya siku kadhaa njaa yenyewe hupungua, na hapo mhubiri husema, "Mnaona? Mnalishwa." Hilo ni la kutisha kwa sababu sehemu yake ni kweli. Baadaye mtu huhisi baridi jua likiwaka, akisimama ghafla huanguka, miguu huvimba, mapigo ya moyo hupungua. Mwishoni macho na akili hupotea. Usimfanye atoe hotuba ndefu siku ya 39. Ana nguvu za sentensi moja.

Na kuokolewa ndiko hatari ilipo. Mwili ulioishi bila chakula wiki nyingi ukipewa wanga mwingi kwa mara moja, hutoa insulini, na insulini husukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Vikipungua ghafla kwenye damu, moyo unaweza kusimama, mara nyingi ndani ya siku tano za kwanza za kula. Ndiyo maana hospitalini mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 tu kwa mililita 100, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Sasa rudi kwenye hadithi. Bibi amemtafuta mjukuu wake siku 35, amempata hai, amembeba hadi nyumbani kwa sababu anaogopa kumpeleka hospitali polisi wasije wakamhoji. Anamchemshia sufuria ya mtori. Mjukuu anakula bakuli tatu, anacheka, analala. Usiku wa pili anafariki. Bibi hatajua kamwe kwa nini. Mhubiri atampa sababu.

Assalaam alaykum. Hadithi zote za aina hii ni za makanisa. Yangu ni ya mjane Mwislamu na kiongozi wa kikundi anayejiita shekhe. Naogopa kuandika ovyo.
*Mama wa Bondeni, Arusha*

Wa alaykumu salaam, mama. Una saa iliyokwisha kutegwa ndani ya hadithi, nayo ni eda, muda ambao mjane hungoja kabla ya kuolewa tena. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, kwa aya ya 234 ya Suratul Baqara. Kwa mwezi mwandamo ni karibu siku 128. Akiwa mjamzito, eda huisha anapojifungua. Amua mapema mama huyu yuko hali gani, maana mbili hizi ni hadithi tofauti: ya kwanza ina siku inayojulikana, ya pili hakuna anayeijua, na kiongozi anayetaka kumwoa atalihesabu tumbo lake kila siku.

Kiongozi wako avunje sheria ndogo kabla ya kubwa. Amtoe mjane nyumbani akalale kambini. Amtamkie posa waziwazi eda haijaisha. Msomaji wako anajua mambo haya tangu utotoni na atashtuka ukurasa wa 10, wakati mhusika bado anajitafutia udhuru wa kutoshtuka. Tarehe ya Kiyama asiitaje, kwa kuwa kila aliyepita madrasa anajua elimu ya Saa iko kwa Mwenyezi Mungu, Suratul Aaraf aya ya 187. Adai kuzijua alama: Dajjali, Yajuju na Majuju, jua kuchomoza magharibi. Azisome kwenye mambo ya mtaani, bei ya unga, ukame, mtoto aliyezaliwa na kasoro.

Tahadhari moja. Waislamu wenyewe wanatofautiana kuhusu khitma, yaani kumsomea marehemu Qur'ani, na mikusanyiko ya matanga, na wasioifanya wana hoja zao za kielimu. Ukimfanya kiongozi awe mbaya kwa sababu tu hafanyi khitma, umewatukana majirani zako wema. Ubaya wake uwe kwamba anazuia kulia kwenyewe. Machozi bila mayowe yameruhusiwa; Mtume mwenyewe aliyatoa alipofiwa na mwanawe Ibrahimu. Kiongozi anayemwambia mjane kwamba kila chozi linamchelewesha mumewe kaburini ameshaingia mahali pabaya, na mama mkwe, mzee mmoja tu mwenye tasbihi, anaweza kumjibu kwa sentensi moja.

Hotuba za mhubiri wangu zinasomeka kama kelele.
*Rau tena, Moshi*

Futa alama zote za mshangao, halafu punguza maandiko hadi aya moja kwa kila tukio. Mhubiri wa hatari huzungumza lugha mbili: ya Biblia ya Kiswahili ya zamani, yenye "amin" na "tazama", na ya jikoni. Hofu iko kwenye mpito. "Tazama, naja upesi. Mama Lucas, umekula lakini?" Sauti isipande.

Aya iwe ya kweli, na kosa liwe mahali anapokatia. Asome Mathayo 24:34, kwamba kizazi hiki hakitapita hata hayo yote yatimie, na afunge kitabu. Nyuma kabisa msichana wa miaka kumi na mmoja bado ana Biblia yake wazi. Ameshateremka mistari miwili, kwenye ile isemayo siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Anainua mkono.

Nataka kufungua kwa mkanyagano kama ule wa Moshi wa Februari 2020. Na je, naweza kushtakiwa kwa kukashifu dini?
*K., Kijenge, Arusha*

Jioni ya tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walifariki uwanjani Majengo, Moshi, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Familia zao zinaishi hapo hapo, zinapita njia zile zile kwenda sokoni. Usitumie uwanja huo, mji huo, mwezi huo wala mafuta. Kiini cha tukio utakipata bila kuchukua msiba wa mtu.

Unachohitaji ni jinsi umati unavyoua. Watu wakifika sita au saba kwenye meta moja ya mraba, mwili wako haukutii tena. Msukumo unapita kama wimbi na miguu inaweza kuacha ardhi. Wengi hufa wakiwa wamesimama, kwa kubanwa kifua hadi wasiweze kuvuta pumzi, na walio nyuma wanaendelea kuimba kwa sababu hawaoni. Kwa hiyo usiandike watu wakatili wanaokanyaga wenzao. Andika mlango mmoja wa geti umefungwa kwa kufuli, na mtu mwenye ufunguo yuko upande wa pili anahesabu sadaka.

Kuhusu sheria: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina makosa yanayohusu dini, vifungu vya 125 hadi 129, na kinachoangaliwa zaidi ni kusudi la kutukana au kuumiza hisia za waumini. Hadithi ya kubuni yenye kikundi cha kubuni iko mbali na hapo. Kipe kikundi jina ambalo hakuna kanisa wala msikiti unaolitumia, na ulitafute kwanza kwenye intaneti na kwa wenyeji, maana makanisa madogo ni mengi na majina yanagongana. Usikipe nguo, wimbo wala salamu ya dhehebu linalojulikana. Weka angalau mwamini mmoja wa kawaida ambaye imani yake inamsimamisha, asiwe wa mapambo, awe na sura yake. Ukimaliza sura ya mkanyagano, mpe aisome mtu aliyewahi kufiwa kwa namna hiyo ikiwa atakubali, akiwa peke yake, bila wewe kukaa pembeni. Akikuonyesha sentensi ya kutoa, itoe.